Wazee wa Gongo: Historia ya Ligi Iliyoishi Msimu Mmoja na Nusu

Jimbo la Florida, lililoko kusini mashariki mwa Marekani, lina desturi moja ambayo wapenzi wa besiboli wanaijua kama waijuavyo kalenda yenyewe: kila ufikapo mwezi wa Februari, wakati miji ya Boston na Chicago ingali imefunikwa na theluji, timu nyingi za Ligi Kuu hufunga mizigo yao zikateremka huko kusini kujinoa kwenye viwanja vilivyotapakaa katika miji ya pwani na ya bara, na baada ya majuma machache huondoka tena kwenda kuanza msimu wao, zikawaachia vijana wa ligi ndogo viwanja hivyo na jua kali la kiangazi. Ama kutoka mwisho wa Oktoba hadi Februari, viwanja hivyo aghalabu vilikaa vitupu, majani yamekatwa, viti vimefagiliwa, na hakuna wa kuvikalia. Ilikuwa katika nafasi hiyo tupu ya majira ya baridi, mwaka 1989, ndipo ilipozaliwa ligi ambayo mfano wake haukuwa umeonekana kabla yake: Senior Professional Baseball Association, jumuiya ya wachezaji wa kulipwa waliokwisha kustaafu, ambayo haikumpokea mtu yeyote aliye chini ya umri wa miaka 35, isipokuwa wadakaji, ambao kwa sababu ya mateso ya kazi yao ya kuchuchumaa nyuma ya mpigaji kutwa nzima waliruhusiwa kuingia wakiwa na miaka 32.

Ligi hiyo haikudumu. Ilicheza msimu mmoja kamili na sehemu tu ya msimu wa pili, kisha ikavunjika. Wako walioihesabu kuwa ni mchezo wa wazee wasiojua wakati wa kuondoka, na wako walioihesabu kuwa ni biashara mbaya, ya kuandikwa katika daftari la hasara na kusahauliwa. Mimi sikubaliani na hao wala hao. Naamini kuwa historia ya ligi hii, ndogo kama ilivyo, ina mafundisho makubwa juu ya kazi na mwenye kazi: kwamba ustadi ni mali ya yule aliyeutolea jasho, na kwamba mtu anastahili kuuaga ustadi wake kwa kinywa chake mwenyewe, wala si kuagiwa na wengine. Na ili msomaji alione jambo hilo kwa ukamilifu wake, hapana budi tuanze na mtu mmoja aliyenyimwa stahili hiyo, kwani ndiye aliyekuja kuwekwa juu ya ligi hiyo kuwa kamishna wake.

Curt Flood alizaliwa Houston, katika jimbo la Texas, mwaka 1938, akalelewa Oakland, California, na akiwa bado kijana mbichi akaingia katika timu ya St. Louis Cardinals, ambako kwa misimu 12 aliulinda uwanja wa kati kwa umahiri uliomfanya atunukiwe Glavu ya Dhahabu, tuzo ya mlinzi bora wa nafasi yake, mara 7 mfululizo. Alikuwamo katika timu hiyo ilipotwaa ubingwa wa Marekani mwaka 1964, na tena mwaka 1967. Mwezi wa Oktoba 1969, alipokuwa na umri wa miaka 31, aliarifiwa kuwa amebadilishwa pamoja na wenzake kwa wachezaji wengine, na kwamba kuanzia siku hiyo yeye ni mali ya timu ya Philadelphia. Hakuulizwa, wala hapakuwa na sheria iliyowataka wenye timu wamuulize. Kwani katika mikataba ya besiboli ya zama hizo palikuwa na kifungu kilichomfunga mchezaji kwa timu yake mwaka baada ya mwaka, hata muda wa mkataba ukiisha, hata mwenyewe hataki, mpaka timu ipende kumuuza, au kumbadilisha, au kumtupa. Mchezaji aliyekataa alikuwa na njia moja tu iliyo wazi kwake, nayo ni kuiacha kazi.

Flood hakuwa na dhiki ya fedha. Mshahara wake wa mwaka ulikuwa dola 90,000, nao Philadelphia walikuwa tayari kumwongeza. Lakini mkesha wa Krismasi ya mwaka huo alimwandikia barua kamishna wa besiboli, Bowie Kuhn, akamwambia kuwa baada ya miaka 12 katika Ligi Kuu hajioni kuwa ni kitu cha kuuzwa na kununuliwa bila kujali matakwa yake, naye akaomba timu nyingine zijulishwe kuwa yuko huru kusikiliza maneno yao. Kamishna akakataa. Flood akaenda mahakamani, na katika shauri lake lililosikilizwa New York mwaka 1970 hakusimama hata mchezaji mmoja aliyekuwa bado kazini kumtolea ushahidi, maana kila mmoja aliogopa kukatiwa riziki yake. Walisimama wastaafu, na miongoni mwao Jackie Robinson, yule aliyekuwa mtu mweusi wa kwanza kuingia katika Ligi Kuu ya karne hiyo, mwaka 1947, na Hank Greenberg, Myahudi aliyekuwa mpigaji mkubwa wa timu ya Detroit. Shauri likapanda mpaka Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, na tarehe 19 Juni 1972 majaji 5 dhidi ya 3 wakaamua kuwa besiboli iendelee kukaa nje ya sheria zinazokataza ukiritimba wa biashara, kama ilivyokaa tangu hukumu ya mwaka 1922, na kwamba kama kuna dhuluma katika hali hiyo basi ni juu ya Bunge kuiondoa.

Flood alishindwa, na kushindwa kwake kulikuwa na gharama isiyolipika. Alijaribu kurudi uwanjani mwaka 1971 na timu ya Washington, akacheza michezo 13 tu, akaona kuwa mwaka mmoja wa mashauri na upweke umemla nguvu na moyo. Akaondoka, akaenda kukaa katika kisiwa cha Majorca, Hispania. Alikuwa na miaka 33, umri ambao mlinzi wa uwanja wa kati bado ana misimu kadhaa mizuri mbele yake. Lakini lile lango alilolisukuma likawaangukia wenye timu: Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kuwa kile kifungu hakiwezi kumfunga mchezaji zaidi ya mwaka mmoja baada ya mkataba wake, na warushaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, wakawa watu huru. Mshahara wa wastani katika Ligi Kuu, ambao mwaka 1970 haukufika dola 30,000, ulikuwa unakaribia dola 500,000 ulipofika mwaka 1989. Katika fedha hizo zote Flood hakupata hata senti moja, na katika wale waliozipata, wengi walikuwa watoto wadogo siku aliyoandika barua yake.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, maana asiyeijua hataelewa kwa nini watu wazima wenye ndevu za mvi waliililia. Katika besiboli mrushaji husimama kiasi cha mita 18 kutoka kwa mpigaji, naye huutuma mpira kwa kasi inayopita kilomita 140 kwa saa, kwa hiyo mpigaji hana hata nusu ya sekunde ya kuuona, kuamua, na kulizungusha gongo lake. Mtu huyapata maarifa hayo kwa miaka 10 au 15 ya kurudiarudia kitu kimoja, na msiba wa mchezo huu ni kwamba maarifa na mwili haviendi pamoja: wakati jicho la mrushaji limekwisha kumjua kila mpigaji udhaifu wake, mkono wake umeanza kuchoka, na wakati mpigaji amekwisha kuzisoma hila zote za warushaji, magoti yake hayamfikishi tena kituo cha kwanza kwa wakati. Fundi wa majahazi akizeeka humwachia kijana shoka, naye akakaa kivulini kuelekeza ni ubao gani ukae wapi, na chombo hutoka chema kuliko kile alichounda ujanani. Mcheza besiboli hana kivuli hicho. Wachache hupata ukocha, na waliobaki hupewa mkono wa kwaheri wakiwa na miaka 35 au 36, wakarudi majumbani na ujuzi ambao hauna soko mahali pengine popote duniani.

Fauka ya hayo, kizazi cha wachezaji waliofika umri huo katika miaka ya 1980 kilipatwa na jambo la pekee. Baada ya msimu wa 1985 wenye timu za Ligi Kuu walipatana kwa siri wasigombanie wachezaji walio huru, ili mishahara isipande, na kwa majira matatu ya baridi mfululizo mabingwa wa jana walikaa kando ya simu zisizolia. Wasuluhishi waliamua kuwa mapatano hayo yalivunja mkataba wa wachezaji, na mwaka 1990 wenye timu wakakubali kulipa fidia ya dola milioni 280. Lakini fidia haimrudishii mtu msimu uliompita. Kwa hiyo, ulipoingia mwaka 1989, Marekani ilikuwa na wanaume si haba wenye umri wa miaka 36, 38, na 40, ambao hawakuwahi kutamka neno la kustaafu, bali walistaafishwa na ukimya.

Mtu aliyeliona hilo alikuwa mfanyabiashara wa ardhi na majumba kutoka Colorado, jina lake Jim Morley, ambaye naye alikuwa ameucheza mchezo huo ujanani mwake. Mwanzoni mwa mwaka 1989, akiwa mapumzikoni Australia, alilifikiria jambo la mchezo wa gofu, ambako mabingwa wakongwe walikuwa wameanzishiwa mashindano yao tangu 1980 nayo yamestawi na kuleta faida, akajiuliza kwa nini besiboli isiwe na yake. Aliporudi nyumbani aliandika barua kwa zaidi ya wachezaji elfu moja wa zamani, akiwauliza kama wangependa kucheza tena kwa ujira. Na majibu yakamjia kwa mamia. Hesabu yake ilikuwa nyepesi na ya kuvutia: wachezaji wapo, viwanja vipo tena vitupu, na Florida imejaa wastaafu waliohama kutoka miji ya kaskazini, watu wenye wasaa wa mchana na kumbukumbu za mashujaa wale wale. Wakapatikana matajiri wa kununua timu 8, Morley mwenyewe akichukua ile ya St. Petersburg, na ujira ukapangwa kati ya dola 2,000 na dola 15,000 kwa mwezi, kwa msimu wa miezi mitatu na michezo 72.

Na ukamishna akapewa Curt Flood, naye alikuwa na umri wa miaka 51. Sijui kama Morley na wenziwe walilipima jambo hilo kwa uzito wake wote, au walitaka jina linalojulikana tu. Lakini kwa yeyote aliyeijua habari ya mwaka 1969, palikuwa na haki iliyochelewa katika kumwona mtu yule, ambaye makamishna wa jana walimfungia mlango, akiketi katika kiti cha ukamishna, na chini yake wamekusanyika watu ambao uhuru wao wa kuchuma ulinunuliwa kwa riziki yake.

Timu zilikuwa nne upande wa kaskazini, St. Petersburg Pelicans, Bradenton Explorers, Orlando Juice, na Winter Haven Super Sox. Na nne upande wa kusini, West Palm Beach Tropics, Fort Myers Sun Sox, Gold Coast Suns, na St. Lucie Legends. Miongoni mwa makocha walikuwamo Earl Weaver, aliyeiongoza Baltimore kwa miaka mingi na kuifikisha kwenye ubingwa, na Dick Williams, aliyeipa Oakland ubingwa wa mwaka 1972 na wa 1973. Na wachezaji je? West Palm Beach ilikuwa na Rollie Fingers, mwenye miaka 43, mrushaji aliyezifunga kwa ushindi fainali za Oakland, mwenye masharubu yaliyopindwa ncha kama ya wapanda farasi wa kale. Na ilikuwa na Dave Kingman, ambaye katika Ligi Kuu aliupiga mpira ukavuka ukuta mara 442. Winter Haven ilikuwa na Ferguson Jenkins wa Kanada, mshindi wa michezo 284. St. Lucie ilikuwa na Graig Nettles, mlinzi wa New York Yankees. Na Vida Blue, ambaye mwaka 1971, akiwa kijana wa miaka 22, alizitwaa kwa pamoja tuzo ya mrushaji bora na tuzo ya mchezaji bora wa ligi yake. Na Bobby Bonds, ambaye mwanawe Barry alikuwa ameanza kulikuza jina la nyumba hiyo. Gold Coast ilikuwa na Bert Campaneris wa Kuba, mwenye miaka 47, yule ambaye mwaka 1965 alicheza nafasi zote 9 za uwanjani katika mchezo mmoja. Na Luis Tiant, Mkuba mwenziwe, aliyetimiza miaka 49 msimu ukiwa umeanza, mtoto wa mrushaji mashuhuri wa ligi za watu weusi, ambaye kwa sababu ya rangi yake Ligi Kuu haikumfungulia mlango asilani.

Msimu ulianza Oktoba ikimalizika na Novemba ikiingia, siku chache baada ya fainali za Ligi Kuu zilizokatizwa na tetemeko la ardhi la San Francisco. Majuma ya mwanzo yalikuwa ya maumivu, kwani akili ilikumbuka vitu ambavyo misuli ilikuwa imevisahau; mtu aliuona mpira, akaujua, akaondoka mbio kama zamani, na nyuma ya paja pakachanika. Lakini kadiri siku zilivyokwenda, waliokuwa wakitazama kwa makini waliona jambo ambalo ligi ya vijana haina. Warushaji waliokwisha kupoteza kasi walirusha kwa hesabu, wakiupeleka mpira pembeni, kisha ndani, kisha chini, mpaka mpigaji akajikanganya mwenyewe. Na wapigaji, waliokuwa wakikutana na watu waliokwisha kukutana nao mara mia, walisubiri wakijua kinachokuja. Mickey Rivers, aliyewahi kuwa mkimbiaji wa sifa wa Yankees, alipiga kwa wastani uliozidi .350, kipimo ambacho katika Ligi Kuu hufikiwa na wachache mno. Tropics walishinda michezo 52 wakashindwa 20, ilhali St. Lucie, pamoja na majina yao makubwa, walishinda 20 tu. Na kama ilivyo katika kila mchezo ulio hai, aliyeongoza njia nzima siye aliyefika wa kwanza: katika mchezo wa ubingwa, tarehe 4 Februari 1990, Pelicans wa kocha Bobby Tolan, waliokuwa wameshinda 42 na kushindwa 30, waliwafunga Tropics 12 kwa 4.

Palitokea humo jambo moja ambalo magazeti yalilipenda, nalo ni kwamba Luis Tiant alipelekwa na Gold Coast kwa Winter Haven kwa kubadilishwa na vidubu 500 vya kuchezea watoto. Watu wakacheka, na kwa dhahiri lilifanywa wacheke. Lakini mimi nikiliwaza jambo hilo huikumbuka ile barua ya mkesha wa Krismasi, naona umbali uliopo baina ya mambo haya mawili. Flood hakupinga wachezaji kuhama timu. Alipinga mtu kuhamishwa katika kilele cha kazi yake, huku milango mingine yote duniani imefungwa kwa mapatano ya matajiri. Mzee aliyekwisha kushinda michezo 229 ya Ligi Kuu, aliyekuja Florida kwa hiari yake, kwa mkataba wa majira ya baridi, anaweza kuuvumilia mzaha. Aliyefungwa hana mzaha wa kuuvumilia.

Hata hivyo mchezo mmoja ni wa uwanjani na mwingine ni wa hesabu, na huo wa pili wazee walikuwa wakiushindwa tangu mwezi wa kwanza. Morley na wenziwe walitazamia watazamaji wapatao elfu mbili kwa kila mchezo. Waliokuja, kwa wastani wa msimu mzima, walikuwa 921. Katika viwanja vya viti elfu kadhaa, watu 921 huonekana kama hawapo. Sababu zake hazikuwa za siri. Wale wastaafu ambao hesabu yote iliwategemea walikuwa watu wa akiba na tahadhari, waliozoea kuwaona wachezaji wa Ligi Kuu wenyewe kila Machi katika viwanja vile vile, na hawakuona haja ya kulipa Desemba. Majira yale, fauka ya hayo, ni majira ya mpira wa miguu wa Kimarekani, ambao huzimeza Jumamosi na Jumapili za taifa zima. Tena mshabiki wa mchezo huchagua timu kwa sababu ya mji wake na ya baba yake, wala si kwa sababu ya mchezaji mmoja mmoja. Na timu zilizoundwa jana, kwa majina ya jana, hazikuwa na baba wala babu wa kuzirithisha. Gofu ilifanikiwa kwa wazee kwa kuwa mtu mmoja anatosha kuibeba, na shirika likitaka kumwonyesha bingwa mkongwe kwenye televisheni humfuata peke yake kutoka shimo la kwanza hadi la mwisho. Lakini timu ya besiboli inahitaji watu zaidi ya 20, hoteli, mabasi, na waganga wa misuli, na gharama hizo hazipungui kwa sababu waliokuja kutazama ni wachache.

Msimu ulipokwisha, timu nne kati ya nane zilifungwa: Gold Coast, St. Lucie, Winter Haven, na Orlando. Bradenton ikahamia Daytona Beach, Tropics wakawa timu isiyo na nyumbani, na ligi ikatafuta riziki mpya magharibi, ikaweka timu moja San Bernardino, California, na nyingine Sun City, Arizona, mji uliojengwa makusudi kwa ajili ya wastaafu. Umri wa kuingia ukashushwa hadi miaka 34, na idadi ya michezo ikapunguzwa. Lakini kusambaza timu sita kutoka bahari ya Atlantiki hadi karibu na Pasifiki kulizidisha nauli bila ya kuzidisha watazamaji, na ile timu ya Fort Myers ilipoishiwa fedha, nyingine hazikuwa na nguvu ya kuibeba. Tarehe 26 Desemba 1990, siku moja baada ya Krismasi, ligi ilisimamishwa katikati ya msimu wake wa pili, nayo haikuinuka tena.

Hapa ndipo wengi huifunga habari hii, wakasema kuwa ilikuwa ndoto, na ndoto imekwisha. Lakini wahenga walisema kuwa mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota, na anayetaka kujua kilichookotwa Florida na awatazame watu walioondoka pale, si daftari la matajiri.

Na amtazame kwanza Dan Boone, mrushaji wa mkono wa kushoto, mtu mfupi wa kimo, aliyeonekana mara ya mwisho katika Ligi Kuu mwaka 1982 na tangu hapo akawa amesahauliwa kabisa, akifanya kazi za ujenzi. Alikuja akaichezea Bradenton, akaonekana, Baltimore wakampa mkataba wa ligi ndogo. Julai 1990, akiwa na umri wa miaka 36, aliichezea Rochester mchezo mzima bila ya mpigaji hata mmoja wa timu pinzani kupata pigo la kituo, na mwezi wa Septemba akapandishwa kwenda Baltimore, akasimama tena katikati ya kiwanja cha Ligi Kuu baada ya miaka 8. Alicheza michezo 4 tu, na michezo hiyo ndiyo ya mwisho wake huko. Mwenye kuhesabu kwa idadi atasema ni kidogo. Mwenye kujua maana ya mtu kuondolewa katika kazi yake akiwa bado na neno la kusema ndani yake, hatasema hivyo.

Wa pili ni Ron Washington, mmoja wa wapigaji bora wa Tropics katika msimu ule wa kwanza, ambaye baadaye aliingia katika ukocha, akaifundisha kazi hiyo kwa subira ya miaka mingi, mpaka akawa meneja wa Texas Rangers na kuwafikisha katika fainali za Ligi Kuu mwaka 2010 na tena mwaka 2011. Wengine waliitwa katika Jumba la Heshima la besiboli lililoko Cooperstown, jimbo la New York: Jenkins mwaka 1991, Fingers 1992, Weaver 1996, na Dick Williams 2008. Hawakuingia humo kwa ajili ya ligi ya Florida, hilo ni wazi. Lakini ni jambo la fahari kwa ligi hiyo kwamba watu ambao taifa lao lilikuwa likijiandaa kuwatukuza hawakuona haya kuvaa sare za timu ndogo na kurusha mpira mbele ya watu mia chache, kwa sababu waliipenda kazi kuliko utukufu wake.

Na Curt Flood? Aliishi miaka 6 zaidi baada ya ligi kuvunjika, akafariki dunia tarehe 20 Januari 1997, baada ya maradhi ya saratani ya koo, siku mbili baada ya kutimiza miaka 59. Mwaka uliofuata, 1998, Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoitwa kwa jina lake, iliyowaweka wachezaji wa Ligi Kuu chini ya himaya ya sheria za kupinga ukiritimba katika mambo ya ajira yao, yaani lile ambalo majaji wa mwaka 1972 walisema ni kazi ya Bunge, na ambalo Bunge lilichukua miaka 26 kulitenda.

Yako makosa ambayo ligi ya wazee inastahili kulaumiwa kwayo: ilikisia watazamaji kwa tamaa, ilijitandaza wakati ilipopaswa kujikunja, na iliwaacha wachezaji wake bila kazi siku ya pili ya Krismasi, kwa namna ile ile ya ghafla ambayo wengi wao walikuwa wameikimbia. Hilo sitalificha. Lakini tofauti ipo, nayo ndiyo inayonifanya niihesabu miezi ile kuwa ni ya kheri. Mara ya kwanza wanaume hawa walipoambiwa waondoke, waliambiwa kuwa wao ndio waliokwisha. Mara hii kilichokwisha kilikuwa fedha za wenye timu; wao wenyewe walikuwa wamekwisha kujipima mbele ya wenzao, kila mmoja amejua kwa yakini ni kipi mwili wake bado unaweza na ni kipi hauwezi tena, na elimu hiyo juu ya nafsi haipatikani kwa kuambiwa na mtu aliye ofisini. Anayeondoka akiwa na elimu hiyo huondoka mtu mzima, na ligi iliyowapa mamia ya mafundi nafasi ya kuondoka hivyo imeifanya kazi yake, ijapokuwa mlango wake ulifungwa mapema.